Majina ya watoto yanaweza kunifikisha kwa wazazi wa mzee Zakaria?

Kitukuu

Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa waliozoea kutafuta nasaba, mimi hapa nimekwama karibu mwaka mzima sehemu moja tu.

Baba wa babu yangu mzaa mama alikuwa anaitwa Zakaria na mkewe Marta. Hao wawili sina wasiwasi nao, ndoa yao nimeiona kwa macho yangu kwenye daftari la parokia na watoto wao nimewanakili mmoja mmoja na kurasa nimezipiga picha. Shida ni kwamba padri aliyeandika ile ndoa hakuweka wazazi wa upande wowote, kaandika majina yao, tarehe na mashahidi wawili basi. Sasa kwenye daftari la ubatizo la parokia hiyo hiyo kuna akina Zakaria wawili wamepishana kama miaka miwili hivi, mmoja mtoto wa Yohana na Ester, mwingine mtoto wa Elia na Debora, na umri wa wote wawili unakubaliana na ile ndoa. Mmoja wao ndiye mzee wetu, sasa yupi?

Watoto wa Zakaria na Marta kwa mpangilio wa kubatizwa ni Elia, Debora, Samweli, Ketura, Debora tena, Zakaria, halafu kitinda mimba ambaye ndiye babu yangu.

Mjomba anasema hapo hakuna cha kutafuta tena, wa kwanza Elia, wa pili Debora, yaani babu na bibi hao hapo wamejileta wenyewe, andika kwenye mti wa ukoo tusonge mbele. Na kweli ukiyatazama yale majina mawili yamefuatana yanakuvuta. Ila mimi nasita, maana nikikosea hapo kila nitakachoweka juu yake ni mababu wa watu wengine, na wanangu watakuja kukariri ukoo usio wao. Je jina la mtoto linaweza kuwa ushahidi au ni dokezo tu? Na nyie mnalitumiaje?

Mpekuzi_Daftari

Karibu sana Kitukuu. Nikujibu moja kwa moja, ni dokezo, lakini ni dokezo lenye nguvu kuliko watu wanavyolichukulia, ilimradi ujue unawatafuta watu gani na wao walikuwa na utaratibu gani wa kurithisha majina.

Manake utaratibu haufanani. Waskoti wa zamani wengi wao mtoto wa kiume wa kwanza anachukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe, na kwa wasichana wanaanza na bibi mzaa mama, kisha bibi mzaa baba, kisha mama. Wakikuyu kwa wavulana wawili wa kwanza ni vivyo hivyo, ila msichana wa kwanza anaanzia kwa bibi mzaa baba, sasa ukichukua kanuni ya Mskoti ukaisomea ukoo wa Kikuyu mabibi wote wawili umewageuza na hutajua kama umewageuza. Wayahudi wa Ulaya ya mashariki kwa desturi hawampi mtoto jina la ndugu aliye hai, wanampa la marehemu, kwa hiyo kwao jina linakusaidia hadi kukadiria kifo, ukiona mjukuu kapewa jina la babu ujue babu huenda alishafariki kabla ya siku hiyo. Wayahudi wale ambao mababu zao walitoka Hispania wao wanampa mtoto jina la babu akiwa bado anapumua na babu anafurahi. Jina lile lile, tafsiri mbili zinazopingana kabisa.

Mfano mmoja ambao nyaraka zake zipo wazi na unafundisha sana ni wa mchoraji Vincent van Gogh. Jina lake kamili Vincent Willem. Babu yake mzaa baba ni Vincent, babu mzaa mama ni Willem Carbentus, kwa hiyo mtoto mmoja kabeba mababu wote wawili. Mdogo wake wa kike wa kwanza Anna Cornelia kachukua jina la bibi mzaa mama, ambalo pia ni la mama yao, na anayefuata Elisabeth Huberta kachukua la bibi mzaa baba. Mdogo wake Theo ni Theodorus, jina la baba yao. Hebu fikiria vitabu vyote vimepotea umebaki na orodha ya hao watoto tu, bado ungeweza kuwakisia mababu na mabibi wanne wote bila kukosea hata mmoja. Na kuna kitu kingine, yeye alizaliwa tarehe 30 Machi 1853, mwaka mmoja kamili kabla, yaani 30 Machi 1852, mama yake alijifungua mtoto ambaye hakuwa hai na huyo naye aliitwa Vincent. Kwa hiyo kifungua mimba halisi siye huyu tunayemjua.

Ila usilale usingizi kwa huo mfano. Ukoo wa Kennedy Marekani, mtoto wa kwanza Joseph alipewa jina la baba yake, wa pili ndiye aliyekuja kuwa rais, John Fitzgerald, huyo kapewa jina la babu mzaa mama John Fitzgerald aliyekuwa meya wa Boston. Ukisema wa kwanza lazima awe babu mzaa baba unatoka njia kuu mapema sana, babu mzaa baba pale alikuwa Patrick.

Kwa hiyo rudi kwa Elia wako. Hata kama kweli ni jina la babu, nani kakwambia ni babu wa upande wa Zakaria? Marta naye alikuwa na baba.

Mama_Kumbukumbu

Mwanangu Kitukuu usimsikilize mjomba kwanza, na namheshimu. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilikuwa na mtoto wa kwanza jina lake limefanana na la mzee mmoja wa kijiji cha jirani, nikaunga, nikapanda vizazi vinne juu, nikachapisha kitabu kidogo nikagawa kwenye msiba wa shangazi. Miaka sita baadaye nikakuta wosia wa mzee wetu wa kweli, ametaja watoto wake kwa majina na yule wa kwangu yumo, na si ukoo ule hata kidogo. Vile vitabu viko majumbani kwa watu mpaka leo, vingine vimeshapigwa picha vikaingia intaneti, na kila nikikutana na mti wa mtu uliochukua makosa yangu moyo unauma kwa sababu najua vilianzia mkononi mwangu.

Ninachokuomba ni kimoja, andika "inawezekana" kwa penseli pembeni ya jina. Usiandike kwa wino mpaka upate karatasi inayosema.

Halafu hao akina Debora wawili, wa kwanza alifariki, si ndio? Watoto wawili hai kupewa jina moja kulikuwepo baadhi ya sehemu lakini mara nyingi wa kwanza anakuwa ameondoka. Umeona mazishi yake?

Kitukuu

Asante sana mama, na pole kwa hilo. Mazishi ya Debora wa kwanza sijayatafuta, nilikuwa nafuata daftari la ubatizo tu. Kaka Mpekuzi hilo la Marta kuwa na baba limenikaba, sikulifikiria kabisa, nilikuwa nimeshikilia Zakaria Zakaria.

Kalamu_ya_Risasi

Nimesoma swali mara mbili. Nina maswali matatu, na mawili kati yake majibu tayari unayo kwenye hizo picha zako.

La kwanza, ndoa ilifungwa lini na Elia kabatizwa lini? Hukuandika. Kwenye familia za zamani mtoto anakuja ndani ya mwaka au miwili ya ndoa na baada ya hapo kila miaka miwili miwili na kidogo, ukiona pengo la miaka minne mitano hapo kuna mtoto unayemkosa, kazaliwa akafa kabla ya ubatizo au kabatizwa parokia nyingine mama alipokwenda kujifungulia kwao. Ukikosa mtoto mmoja mwanzoni orodha yote inasogea nafasi moja, wa pili unamwita wa kwanza na babu wa upande wa mama unamfanya wa upande wa baba. Hii ndio sababu kubwa watu wanakosea kwenye majina, si kwamba wazee hawakufuata utaratibu, ni kwamba orodha tuliyonayo haijakamilika.

La pili, wasimamizi wa ubatizo. Wengi tunanakili mtoto, baba, mama, tunafunga kitabu, ile safu ya mwisho kulia tunaiacha kwa kuwa mwandiko umebanwa na ukingo wa karatasi. Pale ndipo ndugu wanapokaa. Mimi nachukua karatasi kubwa nachora mistari kwa mkono, safu ya mtoto, tarehe, wasimamizi, halafu safu ya mwisho nauliza huyu kapewa jina la nani, na mara nyingi jina la mtoto na la msimamizi ni moja, hapo unajua amerithishwa somo wake na si babu. Samweli wako nadhani ni wa namna hiyo, angalia.

La tatu, umetaja watoto sita kwa majina wa saba umemficha. Najua ni kwa heshima ya babu yako lakini kwenye kazi hii usiruke jina, hasa la kitinda mimba.

Na Ketura. Elia na Samweli wapo kila mahali, hayo hayakusaidii sana hata yakipatana. Ketura ni yule mke aliyeolewa na Ibrahimu baada ya Sara, ni watu wachache mno wanaompa mtoto jina hilo bila kuwa na Ketura mwingine nyumbani. Pitia daftari lote la ubatizo, usitafute chochote kingine, tafuta Ketura tu. Na uangalie kila namna ya kuandika, karani mmoja anaweka K mwingine C mwingine Q, wengine wanaandika kwa Kilatini kabisa ambapo Yohana anakuwa Joannes na Yakobo anakuwa Jacobus. Jina moja adimu lina uzito kuliko matatu ya kawaida.

Mjukuu_wa_Pili

Naongezea kidogo kwa sababu kwetu majina ndiyo tulikuwa nayo peke yake. Ukoo wangu upande mmoja ni wa watu waliokuwa watumwa Marekani. Sensa ya 1850 na ya 1860 waliwahesabu watumwa kwenye karatasi za peke yao, ameandikwa mwenye mali kwa jina, chini yake ni umri, jinsia na rangi, mtumwa mwenyewe hana jina isipokuwa sehemu chache sana. Majina ya waliokombolewa yanaanza kuonekana kwa ukamilifu sensa ya 1870. Sasa pale ndipo unapoona watoto wa kiume wamepewa jina la baba au la babu, familia kwa familia, na watafiti wa historia ile walishaonyesha kwamba wazazi wengi walifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu baba ndiye aliyeweza kuuzwa mbali wakati wowote na jina ndilo lingebaki kwa mtoto. Nikikuta jina linajirudia kwa ndugu watatu waliotawanyika mashamba tofauti nasimama, najua kuna mtu hapo walikataa kumsahau.

Lakini kwa mfumo huo huo jina la ukoo linaweza kukudanganya maana wengine walibeba la aliyewamiliki. George Washington Carver yule mwanasayansi, Carver ni jina la mwenye shamba, na Washington ni la rais wa kwanza ambalo watu wengi walilibeba bila undugu wowote. Kwa hiyo kabla hujasema jina ni la babu uliza kwanza wakati ule kulikuwa na mtu maarufu wa jina hilo au padri mpya au mfalme.

Na kitu kingine Kitukuu, kama mama yako au mjomba wako hai wapimwe wao DNA, siyo wewe. Yohana na Elia wote kwa mama yako ni vizazi vitatu juu, mzaliwa wa rika lake kwenye tawi jingine la mmoja wao anakuwa binamu yake wa pili, na mabinamu wa pili wa kweli karibu siku zote wanaonekana kwenye kipimo. Kwako wewe wanakuwa wa tatu na hapo kama mmoja kwa kumi haonekani kabisa ingawa ni ndugu. Kizazi kimoja kinaleta tofauti kubwa, wapimeni wazee mapema.

Kitukuu

Wakuu nimerudi, zimepita siku kumi na moja, samahani kwa ukimya, nilikwenda tena kwenye yale madaftari na nyumbani nikapitia picha zote upya usiku kwa usiku.

Kwanza nijibu ya Kalamu. Kati ya ndoa na ubatizo wa Elia kuna miaka minne na miezi miwili. Nilikuwa na tarehe zote mbili kwenye simu yangu na sikuwahi kuzitoa moja kwenye nyingine. Nikaomba daftari la mazishi la miaka hiyo. Ni kitabu chembamba, kimeliwa na wadudu pembeni, watoto wachanga wameandikwa kwa ufupi sana, wengine hawana hata jina. Kurasa ya tisa nadhani au ya kumi, mwandiko mdogo unaoinama, "Yohana mwana wa Zakaria na Marta, siku tisa". Tarehe ni mwaka na nusu baada ya ndoa. Nilikaa pale nikausoma mstari ule sijui mara ngapi. Hakuna mtu kwenye ukoo wetu aliyewahi kumtaja huyu mtoto, si mama, si mjomba, si marehemu bibi.

Kitinda mimba ambaye nilimficha ndiye babu yangu, na jina lake ni Yohana. Sikuliweka kwa sababu siku zote tuliambiwa babu aliitwa Yohana kwa kuwa alizaliwa wiki ya sikukuu ya Yohana Mbatizaji, ile ya tarehe 24 Juni, kwa hiyo nikaona jina lake halina habari ndani yake. Na kweli kazaliwa Juni. Ila sasa nadhani sikukuu iliwapa tu sababu ya kulirudisha.

Debora wa kwanza naye nimemkuta kwenye mazishi, miaka miwili na miezi.

Halafu safu ya kulia. Mama wa ubatizo wa Ketura ni Ketura binti Yohana. Nikatafuta ubatizo wake kama Kalamu alivyosema, kwenye daftari zima wapo Ketura wawili tu, wetu na huyu, na huyu ni mtoto wa Yohana na Ester. Na Samweli kweli, msimamizi wake ni Samweli ambaye pia ni shahidi kwenye ndoa, sijajua ni nani.

Ila kilichonimaliza ni Debora wa pili. Mstari mmoja, baba Zakaria, mama Marta, na msimamizi "Zakaria mwana wa Elia". Wapo wawili, siku moja, mbele ya padri mmoja. Huyo mwana wa Elia hawezi kuwa baba na msimamizi wa mtoto wake mwenyewe.

Mpekuzi_Daftari

Kitukuu hongera sana, hiyo ni kazi. Mstari wa Debora wa pili ndio unaobeba kila kitu, majina yamekupeleka tu hadi mlangoni kwake. Akina Zakaria walikuwa wawili na huyu wa Elia umeshamtoa, kwa hiyo Yohana na Ester wanasimama, isipokuwa kama atatokea Zakaria wa tatu kutoka parokia nyingine, na hilo kwa sababu ya Ketura mimi silitegemei.

Sasa angalia orodha ikiwa imekamilika. Wa kiume wa kwanza Yohana, babu mzaa baba. Wa pili Elia. Wa kike wa kwanza Debora, na alipofariki jina likarudishwa haraka. Unaona ninakoelekea.

Kalamu_ya_Risasi

Marta ni binti wa Elia na Debora. Naandika kwa penseli, mama Kumbukumbu asinikemee. Ingeeleza kwa nini Zakaria mwana wa Elia alisimamia ubatizo, ni mjomba wa mtoto, na mtoto yule alikuwa anabeba jina la mama wa huyo mjomba. Pia ingeeleza kwa nini Elia hakupewa jina la Yohana baada ya mchanga kufariki, zamu ilikuwa ya upande wa mke na wakaiheshimu. Kitukuu tafuta ubatizo wa Marta kwa Elia na Debora, ukikosa hapo tafuta parokia ya jirani, na uangalie kwenye ndoa za watoto wengine wa Elia kama Marta au Zakaria wako walikuwa mashahidi.

Mama_Kumbukumbu

Sikukemei hata kidogo. Kitukuu, mjomba kasemaje?

Kitukuu

Mjomba nilimsomea kwa simu akanyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Halafu akaniuliza yule mchanga alizikwa wapi. Nikamwambia daftari linasema makaburi ya parokia, namba hakuna. Akasema basi kwa hiyo Elia bado ni babu yetu ila kwa mlango mwingine, nikamwambia inawezekana, bado natafuta, akasema sawa andika hivyo.

Ubatizo wa Marta kwenye parokia hii haupo, nimepitia miaka yote inayowezekana, nimeandika barua kwa parokia ya jirani nasubiri. Kipimo cha DNA mama amekubali.

Mama nilipomuonyesha mti nilikuwa nimemuweka yule Yohana wa siku tisa pembeni, kwa maandishi madogo, kama tunavyofanya kwa watoto waliofariki. Akachukua kalamu yangu akamwandika mwanzo wa mstari, kabla ya Elia, kwa ukubwa ule ule wa wenzake.